Nilinunua IST, kumbe ni la wizi: nitajiteteaje mahakamani?

SWALI: Shikamoo wakili. Mwezi wa tatu dalali aliniunganisha na mtu Dar es Salaam, nikanunua Toyota IST na kuja nalo Dodoma. Tuliandikishana kwa mwanasheria, nikapewa kadi. Jina kwenye kadi ni la mtu mwingine. Muuzaji alisema ni la mjomba wake aliyeko safarini. Nilitoa milioni 9.5: saba nilimwingizia benki, zilizobaki nikampa taslimu. Kwenye mkataba tuliandika milioni 6 ili ushuru wa TRA usiwe mkubwa. Mwezi wa nane trafiki walinisimamisha, wakasema gari limeripotiwa kuibwa: mwenyewe alilikodisha, halikurudi. Nimeshtakiwa kupokea mali ya wizi na niko nje kwa dhamana. Muuzaji hapatikani kwenye simu. Sikujua lolote. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, na pole. Hilo neno ulilomalizia nalo, "sikujua lolote", ndilo utetezi wako wote. Bahati mbaya kila anayekamatwa na gari la wizi hulisema, hata aliyeliiba mwenyewe, kwa hiyo likisimama peke yake hakimu hana cha kulifanyia. Kitakachompa sababu ya kukuamini ni namna ulivyonunua: nani alikuwepo, bei ilikuwa kiasi gani, fedha zilipita wapi, uliuliza nini, na ulifanya nini siku uliyoambiwa gari si la muuzaji.

Anza na hati ya mashtaka. Kosa la kupokea mali ya wizi limo kwenye Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311 kwa namba za toleo la 2022. Toleo jipya la sheria, la 2023, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na namba za vifungu katika sheria kadhaa zimehama, kwa hiyo fuata namba iliyo kwenye hati yako, usiifuate uliyoiona mtandaoni. Maneno ya msingi ni haya: mtu awe amepokea mali, au amebaki nayo, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba iliibwa. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lazima ithibitishe vyote, bila kuacha shaka ya msingi: kwamba gari liliibwa, kwamba ulilipokea, na kwamba moyoni ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini. Kupokea hukatai. Vita yako iko kwenye hicho cha mwisho, na kidogo kwenye cha kwanza.

Angalia pia kama hukushtakiwa kwa kifungu kinachofuata, cha kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Wengi huvichanganya. Kifungu hicho kinamhusu mtu aliyesimamishwa na kupekuliwa na polisi akiwa na kitu cha kutiliwa shaka, na kinamdai aieleze mahakama alikipataje kwa maelezo ya kuiridhisha. Kwa kuwa wewe ulisimamishwa barabarani, mwendesha mashtaka anaweza kubadilisha hati na kukihamishia huko. Ikitokea hivyo, una haki ya kusomewa shtaka upya na kujibu upya. Maandalizi nitakayoyaeleza yanakufaa kwa vyote viwili.

Siku ya kusomewa shtaka ndipo watu huanza kujimaliza. Karani anasoma, hakimu anauliza "ni kweli au si kweli?", na mtu, kwa sababu ni mkweli, anajibu: "Ni kweli, nililinunua." Hilo linaweza kuandikwa kuwa umekiri kosa. Shtaka halisemi ulinunua gari. Linasema ulipokea gari ukijua ni la wizi. Jibu ni "si kweli, sikujua kuwa ni la wizi", kisha unyamaze. Kwenye usikilizwaji wa awali mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya kesi na wewe utaulizwa yapi huyabishi. Unachokubali pale kinahesabika kimethibitishwa, hakitaletewa shahidi tena. Kubali jina lako, makazi, tarehe ya kukamatwa, na kwamba gari lilikuwa mikononi mwako. Sentensi yoyote yenye neno "akijua" ikatae. Ikiwa katikati ya sentensi ndefu, mwombe hakimu isomwe polepole.

Kuna kanuni ambayo Jamhuri huitegemea sana katika kesi hizi: mtu akikutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni na asieleze aliipataje, mahakama inaweza kudhani yeye ndiye mwizi au ndiye aliyeipokea akijua. Mahakama ya Rufani imeweka masharti manne. Mali iwe imekutwa kwa mshtakiwa. Iwe imetambuliwa bila utata kuwa ya mlalamikaji. Iwe imeibwa kwake hivi karibuni. Na iwe ndiyo hiyo hiyo inayotajwa kwenye shtaka. Moja likilegea, dhana hiyo haifanyi kazi. Na hata yote manne yakitimia, maelezo yanayoweza kuwa ya kweli yanatosha kuivunja. Hutakiwi kuthibitisha bila shaka kwamba huna hatia. Unatakiwa kumwachia hakimu shaka ya msingi.

Sharti la kutambuliwa lisikupite hivi hivi, hata kama unaamini gari ni lao. IST nyeupe zimejaa nchi hii. Rangi na alama ya mkwaruzo mlangoni havitoshi. Kitambulisho ni namba ya chesesi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya herufi na tarakimu 17 kama ya Ulaya. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, ambazo kwa Toyota ni saba, na IST za toleo la kwanza huanza na NCP60, NCP61 au NCP65. Linganisha namba iliyogongwa kwenye bodi, iliyo kwenye kadi yako, iliyo kwenye kadi ya mlalamikaji, iliyo kwenye hati ya ukamataji (ile polisi waliyoandika walipolichukua gari) na iliyo kwenye hati ya mashtaka. Ni sehemu tano, na tarakimu moja ikikosewa katika mojawapo ni swali la kumuuliza mpelelezi. Namba ya injini ina uzito mdogo, kwa sababu injini za mtumba hubadilishwa kila siku gereji. NCP60 hutoka kiwandani na injini ya 2NZ, NCP61 na 1NZ. Ukikuta zimepishana, huenda fundi alibadilisha tu. Kama Jamhuri inadai namba imefutwa na kugongwa upya, dai ripoti ya mtaalamu wa uchunguzi, siyo maelezo ya askari aliyetazama kwa tochi.

Halafu tarehe. Hili watu wengi hulisahau, na kwako linaweza kuwa kubwa kuliko yote. Pata tarehe ya RB ya mlalamikaji, yaani taarifa ya wizi aliyoandikisha polisi. Gari la kukodisha haliripotiwi siku lilipoondoka: mwenyewe husubiri, hupiga simu, huahidiwa "kesho narudisha", na siku zinapita. Ikionekana aliripoti baada ya siku uliyonunua, basi hata ungekwenda polisi siku ile kuuliza, ungeambiwa gari ni safi. Mwulize mlalamikaji mwenyewe akiwa kizimbani: uliripoti lini, ulipokea malipo ya mwisho ya kodi lini, mkataba wa kukodisha uko wapi, na aliyekodi ni nani. Huyo aliyekodi ndiye muuzaji wako? Kama ni mtu mwingine, kuna mkono katikati, na Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kueleza ulivyoungana nao.

Sasa bei, maana hapo umejitegea mtego mwenyewe. Mkataba unasema milioni 6, taarifa ya benki inasema umetuma milioni 7 peke yake. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kwa kuficha milioni 3.5 mlikuwa mnaokoa Sh 35,000. Na kwa hizo elfu thelathini na tano umempa mwendesha mashtaka silaha mbili: mkataba wenye bei ya kutupa, ambayo ni dalili ya kawaida ya mnunuzi anayejua, na wewe mwenyewe kuwa mtu aliyesaini maandishi yasiyo ya kweli.

Usijaribu kuutetea mkataba. Useme ukweli mapema, tena uanze wewe kabla hujaulizwa: bei halisi ilikuwa milioni 9.5, tuliandika pungufu kwa sababu ya ushuru, lilikuwa kosa. Kisha weka taarifa ya benki inayoonyesha milioni 7, na onyesha ulikotoa ile 2.5: kama uliitoa benki au kwa wakala siku hiyo au jana yake, muamala upo. Tafuta pia kielelezo cha bei ya soko ya IST ya mwaka huo kwa mwezi wa tatu, kwa mfano matangazo ya mauzo yenye tarehe, au shahidi anayeuza magari. Mtu anayetoa bei kamili ya soko kwa akaunti ya benki yenye jina hafanani na mnunuzi wa mali ya wizi, anayelipa nusu bei usiku kwa noti. Kwa hiyo hiyo bei uliyoificha ndiyo itakayokusaidia ukiifichua.

Hilo la akaunti lisisitize. Jina la mwenye akaunti iliyopokea milioni 7, je, ni lile lile lililo kwenye mkataba? Likiwa ndilo, umeipa polisi njia ya kumpata: akaunti hufunguliwa kwa kitambulisho, na laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole. Andika barua kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya ukitaja jina, namba ya simu, akaunti, tarehe na kiasi, uombe afuatiliwe. Bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakimtafuta, vizuri. Wasipomtafuta, nakala hiyo unamwonyesha mpelelezi mahakamani na kumuuliza alifanya nini nayo. Mshtakiwa aliyetoa jina la muuzaji mapema na polisi wakakaa kimya yuko mbali na yule anayelitaja kwa mara ya kwanza siku ya utetezi. Huyo wa pili mahakama humwambia amekuja na hadithi aliyoifikiria baadaye.

Hapa rudi kwenye maelezo ya onyo uliyoandika polisi. Ulisema nini? Sheria inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu kushikiliwa, isipokuwa muda umeongezwa kisheria, na aelezwe haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki. Kama ulitaja muuzaji, dalali na bei halisi siku ile ile, maelezo hayo ni rafiki yako. Usiyapinge kwa sababu tu umesikia kwamba maelezo ya polisi hupingwa. Kama yameandikwa usichosema, au ulisainishwa bila kusoma, pingamizi linatolewa yanapotaka kupokelewa kama kielelezo, si baada ya hapo.

Kadi yenye jina la mtu mwingine ni doa lako kubwa kuliko bei. Utaulizwa: uliomba kuongea na huyo mjomba? Uliomba hati ya uwakili inayomruhusu mpwa kuuza? Ulikwenda TRA kuhakiki kadi kabla ya kulipa? Na kwa nini miezi mitano ilipita bila kuhamisha umiliki? Jibu kila moja kwa ukweli. Kama hukuuliza, sema hukuuliza, kisha eleza kwa nini hukuona ajabu. Uzembe si sawa na kujua. Mtu aliyeamini kirahisi ni mzembe. Aliyeacha kuuliza kwa sababu aliogopa jibu ndiye anayekaribia "sababu ya kuamini". Na hapa desturi inakusaidia: magari mengi huuzwa mara ya pili na ya tatu kadi ikiwa bado na jina la mmiliki wa kwanza, kwa sababu watu hukwepa gharama za kuhamisha. Afisa wa TRA akija kutoa ushahidi, mwulize kama hukutana na hali hiyo kazini kwake. Halafu mwulize swali la pili: kama kadi hii ni ya kughushi, uliigunduaje? Akijibu kwamba aliangalia kwenye mfumo, mwulize kama mtu wa kawaida asiye na mfumo angeigundua kwa macho. Majibu hayo mawili yana thamani kuliko hotuba yoyote.

Hapo utaona kwa nini maswali kwa mashahidi wa Jamhuri ni muhimu. Kanuni ya mahakama zetu ni kwamba usipomhoji shahidi juu ya jambo zito alilolisema, unachukuliwa umelikubali. Watu wasio na wakili hukaa kimya mashahidi wanne mfululizo, "sina swali mheshimiwa", halafu siku ya utetezi wanakanusha yote. Wakati huo wameshachelewa. Ukiwa na maswali matatu tu kwa kila shahidi, yaandike kwenye daftari na yaulize.

Jambo moja mawakili wachanga hupenda kulikimbilia ni mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: nani alilishika gari, lilihamishwa vipi, fomu iko wapi. Kwa dawa za kulevya au fedha taslimu hoja hiyo huangusha kesi. Kwa gari haina nguvu sana, maana mahakama husema kitu kisichobadilishwa wala kuchezewa kirahisi kikipita mikononi hakihitaji ukali ule. Tumia dakika mbili kukagua hati ya ukamataji: ina saini yako, ya shahidi huru, namba sahihi? Kisha endelea na mambo ya maana.

Mashahidi wako. Mwanasheria aliyeshuhudia mkataba aje aseme mlikuja mchana, ofisini, muuzaji akatoa kitambulisho, na kama alibaki na nakala ailete. Ofisa wa benki alete taarifa ya akaunti. Fundi aliyelikagua gari kabla hujalipa, kama alikuwepo. Omba mahakama itoe hati za wito, kwa sababu mtu wa ofisini hatakuja kwa kupigiwa simu. Dalali mwangalie vizuri kabla ya kumwita. Huenda ameshakuwa shahidi wa Jamhuri, na anaweza kukutupia mzigo ili ajiokoe. Meseji mlizoandikiana na muuzaji na dalali usizifute, wala usibadilishe simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu zipokelewe, ila utatakiwa kuonyesha zilivyohifadhiwa na kwamba hazikuchezewa. Picha za skrini ulizotumiwa na rafiki hazina nguvu kama simu yenyewe.

Kusanya pia ushahidi wa kulitumia gari hadharani. Bima yenye jina lako, risiti za maegesho, faini za barabarani ulizolipa kwa namba ile ile ya gari, kadi ya kubadilishia oili. Mtu anayejua gari ni la wizi hubadilisha namba, hulificha nyumba ya nyuma, au huliuza haraka. Wewe ulilikatia bima na kupita nalo mbele ya trafiki kwa miezi mitano.

Narudi kwenye maneno ya kifungu, "au amebaki nayo", kwa faida yako na ya wengine watakaosoma hapa. Ungeweza kununua kwa moyo safi mwezi wa tatu, ukaambiwa mwezi wa sita kwamba gari linatafutwa, ukaamua kulihamishia kwa shemeji kijijini. Kuanzia siku hiyo usafi wa mwezi wa tatu haukulindi tena. Kwa hiyo chunguza simu yako: kuna mtu aliwahi kukupigia kudai gari? Ulimjibu nini? Kama Jamhuri inayo meseji hiyo, wakili wako aijue kabla yao.

Kuhusu gari lenyewe, usipoteze nguvu. Asiye na mali hawezi kukupa umiliki, na msimamo huo umo kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kuna hali ambapo mnunuzi mwenye nia njema hulindwa, pale muuzaji alipoupata umiliki wenyewe kwa udanganyifu na mwenye mali hajaubatilisha bado. Aliyekodi gari hakupewa umiliki, alipewa kuliendesha tu, kwa hiyo mlango huo kwako umefungwa. Ukiachiwa huru hutarudishiwa gari kwa sababu hiyo. Haki yako ni fedha zako kutoka kwa muuzaji: sheria hiyo hiyo inaweka kwenye kila mauzo sharti kwamba muuzaji ana haki ya kuuza, na akilivunja unadai bei yote uliyolipa. Kumbuka kwenye kesi ya madai mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu hukataliwa mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Na kwa upande wa jinai, fungua RB yako dhidi yake kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, kama hujafungua. Ifungue wiki hii, kwani RB iliyofunguliwa baada ya hukumu haina msaada kwenye utetezi.

Utashauriwa "malizaneni na mwenye gari". Kesi ni ya Jamhuri, mlalamikaji hawezi kuifuta mwenyewe, ingawa maoni yake mwendesha mashtaka huyasikiliza anapofikiria kuiondoa. Usimpigie wewe, ni shahidi, na simu yako itaitwa kuingilia shahidi, ambako kunaweza kukugharimu dhamana. Wakili aongee, na maandishi yaseme wazi kwamba gari linarudishwa bila mshtakiwa kukiri kosa.

Kama huna uwezo wa wakili, omba mahakama ikuelekeze kwenye msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ukienda kwa wakili chukua: hati ya mashtaka, nakala ya hati ya ukamataji, mkataba halisi au stakabadhi ya polisi kama wameuchukua, taarifa ya benki ya mwezi wa pili hadi wa nane yenye mhuri, bima, simu yenye meseji, na karatasi moja uliyoandika mwenyewe, siku kwa siku, kuanzia dalali alipokupigia mara ya kwanza. Iandike leo kabla tarehe hazijachanganyika.